Kuchanja kuku wa nyama dhidi ya koksidia: kuanzia kuagiza vifaranga hadi siku ya 28

Chanjo ya kideri (Newcastle) ukishamdondoshea kuku jichoni, kazi yako imekwisha hadi zamu inayofuata. Chanjo ya koksidia haiendi hivyo. Kile unachompa kifaranga siku ya kwanza ni mbegu tu. Dozi ya pili na ya tatu kuku hujipa wenyewe, kwa kudonoa maranda yaliyochanganyika na kinyesi chao. Ndiyo maana mfugaji anaweza kununua chanjo nzuri, akaitunza vizuri, akaitoa vizuri, kisha akaiua wiki inayofuata kwa mfuko wa chakula au kwa ufagio. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa inahusu kuilinda chanjo baada ya kutolewa.

Kwanza tujue tunapambana na nini

Koksidia si minyoo. Ni vimelea vidogo mno vya jamii ya Eimeria vinavyoishi ndani ya ukuta wa utumbo na kuupasua. Piperazine au levamisole unayowapa kuku kwa ajili ya minyoo haivigusi, na minyoo ya kuku haina chanjo inayouzwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi huingia dukani wakaomba "chanjo ya minyoo" na kurudi na kitu kisicho na uhusiano na shida yao.

Aina tatu ndizo zinazowasumbua zaidi kuku wa nyama. Eimeria acervulina hukaa sehemu ya juu ya utumbo na kuacha mistari myeupe kama vipandio vya ngazi. Eimeria maxima hukaa katikati. Ukifungua utumbo utaona ute wa rangi ya machungwa na vitone vya damu. Eimeria tenella ndiyo ile ya kuhara damu, na hushambulia vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Mbili za kwanza mara nyingi haziui. Zinakula faida kimyakimya: kuku anakula, uzito haupandi, miguu inapauka, kundi linakuwa la wakubwa na wadogo.

Kuku mgonjwa hutoa vijiyai vya koksidia kwenye kinyesi, ambavyo wataalamu huviita oosisti. Vikitoka haviambukizi hapohapo. Vinahitaji joto, hewa na unyevu kidogo ili vikomae, na katika joto letu la Pwani huchukua siku moja hadi mbili. Kuku akivimeza vikiwa vimekomaa, mzunguko huanza upya, na baada ya siku 4 hadi 7 naye hutoa vijiyai vyake.

Kinga yake ina tabia mbili za kukumbuka. Kinga ya aina moja haimlindi kuku dhidi ya aina nyingine, hivyo chanjo lazima iwe na aina zote zinazokusumbua. Pili, kinga haikamiliki kwa dozi moja. Inahitaji mizunguko miwili hadi mitatu, na hukomaa kati ya wiki ya tatu na ya nne. Chanjo ya kwanza ya biashara ya namna hii ilitoka Marekani mwaka 1952, kutokana na kazi ya S. A. Edgar wa Auburn, Alabama, na msingi wake ndio tunaoutumia hadi leo: mpe kifaranga vijiyai hai vichache, kwa kipimo, kabla hajakutana na vingi bila kipimo.

Je, inakufaa wewe?

Kama unauza kuku wako siku ya 28 na dawa ya kinga iliyo ndani ya chakula bado inafanya kazi, mimi sitakushawishi uhamie kwenye chanjo. Kinga itakuwa ndiyo kwanza imekamilika wakati mteja anafunga kuku kwenye tenga, na katikati ya safari utakuwa umepitia siku chache za uzito kusuasua.

Chanjo inalipa kwa anayefuga hadi wiki ya sita au ya saba, kwa anayeuzia wateja wanaotaka kuku asiyelishwa dawa, na zaidi ya wote, kwa mfugaji ambaye kila kundi linaharisha ingawa anatumia dawa ileile kwa kipimo kilekile. Huyo wa mwisho ana koksidia iliyozoea dawa. Kuongeza kipimo hakutamsaidia.

Ukifuga juu ya wavu, ambako kinyesi kinadondoka chini na kuku hakifikii, achana na chanjo hii. Haiwezi kujirudia.

Hatua ya 1: Maliza suala la chakula kabla ya kuagiza chanjo

Hapa ndipo mimi nilipopoteza kundi langu la kwanza la chanjo. Vifaranga walipuliziwa vizuri, nikaenda nyumbani nimeridhika, na asubuhi yake nikawawekea stata, chakula cha kuanzia, niliyoizoea. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na salinomycin. Dawa iliua vijiyai vya chanjo kabla havijafanya lolote. Wiki ya nne nilipobadilisha kwenda finisha, chakula cha kumalizia, isiyo na dawa, damu ikaanza, kwa kuku niliokuwa nawahesabu kuwa wamechanjwa. Chanjo haikuwa na kosa hata moja.

Basi geuza mfuko, soma lebo yote. Majina ya kutafuta yameandikwa hivi: salinomycin, monensin, lasalocid, narasin, maduramicin, nicarbazin, diclazuril, robenidine, amprolium. Ukiona hata moja, chakula hicho hakifai kwa kundi la chanjo. Kama lebo haisemi kitu, usidhani hakina. Muulize mtengenezaji moja kwa moja, na omba jibu la maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Anayechanganya mwenyewe ana mtego mwingine. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nyingi za kuku wa nyama huja zikiwa tayari na dawa ya koksidia. Mahindi, mashudu na dagaa wako ni safi, halafu kilo chache za premiksi zinaharibu kazi yote. Omba premiksi isiyo na dawa, na agiza mapema kwa sababu si kila duka huiweka.

Upande wa maji uko vivyo hivyo. Wengi wetu tumezoea kuwapa vifaranga antibayotiki siku tano za kwanza "ili wasimame". Dawa zenye salfa, ikiwemo salfa iliyochanganywa na trimethoprim, hushambulia koksidia pia. Kwa wiki tatu baada ya kuchanja zisiingie kwenye maji, wala amprolium, wala toltrazuril. Glukosi na vitamini hazina tatizo. Kijana anayelisha kuku ajue hili kwa sababu zake, siyo kwa amri tu, maana ndiye atakayekuwa bandani siku kifaranga mmoja atakapoonekana amejikunyata, na mkono utamwasha kufungua dawa.

Hatua ya 2: Pata chanjo sahihi na uilinde na joto na barafu

Kuna chanjo za vimelea vya kawaida na kuna za vimelea vilivyopunguzwa makali. Zote ni hai. Kwa kuku wa nyama mimi nachagua zilizopunguzwa makali, kwa sababu hazisumbui sana utumbo na uzito haushuki sana katikati. Hakikisha lebo inataja angalau acervulina, maxima na tenella. Zile zenye pia necatrix na brunetti, aina nyingine mbili za Eimeria, zimekusudiwa zaidi kuku wanaoishi muda mrefu, wa mayai na wazazi. Kwa wa nyama unalipia usichokihitaji.

Chanjo hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Tumezoeshwa vibaya na chanjo ya kideri ya I-2, ile inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambayo huvumilia joto na kusafiri hadi kijijini bila shida. Ya koksidia haina uvumilivu huo. Vilevile isigande. Vijiyai vikiganda hufa, na chupa iliyoganda kisha ikayeyuka inaonekana sawa kabisa na nzima. Kwa hiyo kwenye boksi la barafu, funga chupa kwa gazeti au kitambaa ili isigusane na barafu, na nyumbani iweke rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya kugandishia.

Angalia tarehe ya mwisho kabla hujalipa. Andika namba ya toleo kwenye daftari lako.

Chupa nyingi huwa na dozi 1,000 au zaidi, na ikifunguliwa hutumika siku hiyohiyo. Mwenye vifaranga 300 asiwape dozi 1,000 ili zisipotee. Katika chanjo nyingine dozi kuzidi ni hasara ya pesa tu. Katika hii, dozi kuzidi ni ugonjwa. Shirikianeni na jirani mpokee vifaranga siku moja, mgawane.

Hatua ya 3: Andaa maranda, kwa sababu ndiyo yatakayochanja mara ya pili

Tandaza maranda makavu, mapya, unene wa sentimita 5 hadi 8. Pumba za mpunga zinafaa pia. Vumbi laini la msumeno sipendi: vifaranga hulila na likilowa linashikana.

Kadiria vizuri eneo la bruda, ile sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Vifaranga wakitawanywa banda zima tangu siku ya kwanza, kinyesi kinatawanyika na wengine hawakutani na vijiyai kabisa. Wakibanana mno, wanameza vingi kupita kiasi. Nusu ya banda kwa siku 7 hadi 10 za kwanza hufaa kwa wengi.

Hatua ya 4: Siku ya kuchanja

Njia bora ni kuchanjiwa kule wanakototoleshwa. Vifaranga wakiwa kwenye boksi hupuliziwa matone makubwa yenye rangi nyekundu au ya buluu, nao hudonoana na kujisafisha manyoya, hivyo humeza chanjo. Ukiagiza vifaranga uliza kama huduma hiyo ipo. Wakifika, rangi kwenye manyoya na ulimi itakuonyesha kama kweli walipata.

Kama unafanya mwenyewe, fuata karatasi iliyomo kwenye boksi la chanjo kuliko maneno ya mtu yeyote, pamoja na yangu, kwani kiasi cha maji na umri wa kuchanja hutofautiana kati ya chanjo na chanjo. Mambo haya hata hivyo ni ya zote.

Vijiyai ni vizito na huzama. Ukichanganya kisha ukaiacha ndoo dakika kumi, chanjo yote iko chini na vifaranga wanakunywa maji matupu, halafu wachache wa mwisho wanapata dozi ya kuwaua. Tikisa chupa kwa nguvu kabla ya kumimina, koroga ndoo kila unapochota, na usiwapitishie chanjo hii kwenye nipo (vichuchu vya kunywea maji) isipokuwa karatasi imeruhusu, maana itatuama kwenye bomba.

*Kwa kupulizia kwenye chakula.* Tandaza stata kwenye trei au makaratasi, kiasi kinachoweza kuliwa siku hiyo. Pulizia kwa bomba la mkono jipya, ambalo halijawahi kubeba dawa ya wadudu wala ya magugu, likiwa limefunguliwa ili litoe matone makubwa na siyo ukungu. Lowesha uso wa chakula sawasawa. Usiongeze chakula kingine hadi hicho kiishe, na taa ziwe zinawaka ili wote wale.

*Kwa maji.* Chanjo zinazotolewa hivi hupewa katika siku kumi za kwanza. Siku moja kabla, saa ileile, ondoa maji kwa saa mbili, kisha rudisha na upime wanachokunywa ndani ya saa mbili zinazofuata. Tuseme ni lita 4. Kesho yake chanjo utaichanganya kwenye lita hizo 4. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri; jua la saa sita likiwa limewaka, kumnyima kifaranga maji ni ukatili na ni hasara. Weka vyombo vya kutosha ili kila mmoja afike. Kisha usiondoke. Pita katikati yao polepole, waamshe waliolala, korogakoroga vyombo hadi maji yaishe.

Chanjo hii usiichanganye ndoo moja na ya kideri au ya ugonjwa wa Gumboro.

Hatua ya 5: Siku ya 5 hadi ya 14, acha kinyesi mahali pake

Tunajivunia usafi, na wengi wetu tumefundishwa kutandika magazeti juu ya maranda na kuyabadilisha kila asubuhi. Kwa kundi la chanjo, gazeti la siku ya sita unalolikunja na kulitupa shimoni limebeba dozi yako ya pili. Vijiyai vya kwanza hutoka kati ya siku ya 5 na ya 7 baada ya kuchanja. Kuanzia hapo usitoe kinyesi, usitandaze maranda mapya juu yote, usifagie. Magazeti yaache yachanike yenyewe, au yaondoe yote kabla ya siku ya 4.

Unachotakiwa kusimamia ni unyevu. Maranda yakikauka mno, vijiyai havikomai. Yakilowa, vinakomaa vingi mno kwa pamoja. Wataalamu hutaja unyevu wa karibu asilimia 20 hadi 30. Kiganja chako kinatosha kupima. Chota maranda, yakaze, fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa. Yakishikana kidogo kisha yakamomonyoka, hapo ndipo. Yakimwagika kama mchanga na kukuachia vumbi, yamekauka; nyunyizia maji machache sana kwa bomba, sehemu wasikolala, upime tena kesho.

Wakati wa masika tatizo huwa kinyume. Tunashusha maturubai jioni yote kwa kuogopa baridi, mvuke unakosa pa kutokea, asubuhi banda linanuka amonia hadi macho yanawasha. Acha upenyo wa juu usiku kucha. Inua vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku, na maranda yaliyolowa kabisa chini ya chombo yatoe hayohayo tu, usiguse mengine.

Siku ya kupanua bruda, chukua ndoo kadhaa za maranda ya zamani uyamwage kule kupya. Kifaranga asihamie sakafu isiyo na kitu. Ni jambo dogo ambalo halichukui dakika ishirini, na sioni wengi wakilifanya.

Hatua ya 6: Siku ya 12 hadi ya 21, tazama bila kukurupuka

Huu ndio wakati wa hofu. Mzunguko wa pili umefika, utumbo una majeraha madogo, na utaona vinyesi vilivyolegea, wachache wenye manyoya yaliyosimama, pengine ulaji kupungua kwa siku moja au mbili. Hilo linatarajiwa. Ukikimbilia dawa hapa umekata kinga katikati, na kundi litaingia wiki ya nne likiwa uchi.

Hata hivyo usiwe na ubishi. Damu mbichi kwenye vinyesi vingi, kuku wengi waliojikunyata, au vifo vinavyopanda kila siku si matokeo ya kawaida ya chanjo. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, fungueni waliokufa, na kama tenella imeshamiri tibuni. Uhai wa kundi unatangulia mpango wa chanjo. Daktari aangalie pia ugonjwa wa utumbo kuoza unaoletwa na bakteria Clostridium perfringens, ambao hupenda kuingia pale maxima ilipojeruhi. Matibabu yake ni tofauti.

Ratiba ya Gumboro usiiruke. Ugonjwa huo hubomoa kinga ya kuku yenyewe, na kuku aliyeupata hushindwa kuijenga hata ya koksidia. Kama Gumboro inarudi kwenye banda lako kila mara, shughulikia hiyo kwanza.

Hatua ya 7: Hakikisha imeshika

Pima uzito wa kuku 20 au 30 siku ya 7, 14, 21 na 28, uandike. Kundi lililochanjwa vizuri linaweza kuwa nyuma kidogo siku ya 21 na kuanza kulipa deni siku ya 28. Likizidi kubaki nyuma baada ya hapo, kuna kitu hakikwenda sawa.

Kwenye siku ya 19 hadi 21, chinja kuku watano wanaoonekana wazima, usichague wagonjwa, uwafungue pamoja na daktari au afisa mifugo. Majeraha machache mepesi yanaonyesha chanjo inazunguka. Utumbo usio na alama hata moja kwa wote watano unatia shaka: rudi kwenye lebo ya chakula. Anayeweza apeleke kinyesi maabara wahesabu vijiyai. Wakazi wa Morogoro wana Chuo Kikuu cha Sokoine karibu, na Wakala wa Maabara ya Veterinari una vituo katika kanda.

Baada ya kuuza

Ondoa maranda yote, osha, acha banda likauke kabisa. Dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu hazipenyi ganda la vijiyai hivi, klorini ikiwemo. Ukavu na moto wa gesi unaopitishwa sakafuni hufanya kazi kubwa zaidi. Hutavimaliza vyote, na kwa anayechanja si lazima vyote viishe. Vijiyai vya chanjo vilivyobaki havijazoea dawa, navyo hupunguza nafasi ya vile sugu vilivyokuwa vimetawala. Kwa sababu hiyo mimi huchanja makundi mawili au matatu mfululizo, kisha msimu wa mvua nyingi, ambapo maranda ni magumu kuyadhibiti, narudi kwenye chakula chenye dawa kwa makundi mawili. Dawa niliyokuwa nimeikatia tamaa ilianza kufanya kazi tena kwa njia hii. Mabadiliko yafanye kati ya kundi na kundi, kamwe usiyafanye katikati ya kundi, na lebo ya kila mfuko ibandike kwenye daftari, karibu na namba ya toleo la chanjo.